Mstari wa Manjano

Boliti ilikuwa imetoka kwenye pakiti dakika ile ile. Milimita aliichana pakiti kwa meno, akaichomeka boliti kwenye tundu lake, akaizungusha mara tatu kwa vidole, kisha akageuka kuchukua spana. Alipogeuka tena, boliti ilikuwa na mstari wa manjano.

Mstari mbichi kabisa. Ulianzia kwenye kichwa cha boliti ukashuka hadi kwenye chuma kilichoishikilia, mwembamba, umenyooka, kazi ya mtu anayejua anachokifanya. Akaugusa, rangi ikambakia kidoleni.

"Rubani!" akaita. "Nani kakwambia utie alama hapa? Hii bado sijaikaza!"

Upande wa pili wa gari kikachomoza kichwa cha msichana, shavu limepakaa grisi. "Alama gani, baba mdogo? Mimi niko huku na tenki tangu asubuhi. Halafu kalamu ya rangi unayo wewe mfukoni."

Milimita akapapasa mfuko wa ovaroli. Kweli, alikuwa nayo, na kifuniko chake kimebana. Akaufuta ule mstari kwa kitambaa chenye petroli, akasema labda ni macho, uzee unaingia. Rubani akacheka, akarudi kwenye tenki lake. Lakini Milimita hakucheka.

Sasa ngoja nikueleze habari ya huo mstari, maana bila hiyo utaniona nazungumzia rangi tu. Gereji ile ilikuwa ya ndugu wawili, na kazi yao ilikuwa kuandaa magari ya kasi kwa ajili ya siku ya uwanja, ile siku ambayo mwenye gari lake hulipeleka kwenye uwanja wa mbio akalikimbiza mizunguko atakavyo, hashindani na mtu ila na roho yake. Gari likikimbizwa hivyo hutetemeka kila mahali, na boliti hulegea. Kwa hiyo boliti hukazwa kwa spana ya kipimo mpaka spana yenyewe iseme "tak". Ikishasema tak, ndipo fundi anatia mstari wa manjano unaovuka kutoka kwenye boliti hadi kwenye chuma. Boliti ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika, na aliye mbali anaona. Lakini mstari ukiwa mzima, fundi mwenzako haulizi tena wala hagusi. Anafunga gurudumu, gari linaondoka. Kaka mtu aliiandika ukutani kwa herufi kubwa: TAK KWANZA, RANGI BAADAYE.

Milimita ndiye aliyekuwa mdogo. Walimpa jina hilo kwa sababu hakuwahi kukubali kitu kilichozidi au kupungua. Hata chai alikuwa anaipima kwa jicho. Na ndiye huyo huyo, miaka sita iliyopita, aliyetia rangi kwanza.

Kisa chenyewe ni cha kipuuzi mno, mpaka kukisimulia kunanitia hasira. Siku moja kabla ya kwenda uwanjani alikuja mpiga picha. Gari lilikuwa hili hili la kijani, la kaka yake, gurudumu la mbele kushoto limetolewa, kalipa inaonekana, kile chuma kinachobana diski ili gurudumu lisimame. Kalipa ile hushikwa na boliti mbili tu. Milimita alikuwa amezichomeka kwa mkono, bado hajazikaza. Mpiga picha akasema, haya mafundi, simameni hapo, chekeni niwaone. Milimita akatazama zile boliti, akaona zitatoka kapa kwenye picha, watu watasema fundi gani huyu. Akachomoa kalamu, akachora mistari miwili chapuchapu ipendeze. Nitazikaza tukimaliza, akajiambia.

Picha ikapigwa. Wakacheka, wakaenda kunawa mikono, maongezi yakanoga. Kaka yake ndiye aliyerudi gerejini peke yake. Akaona manjano, hakuuliza, akafunga gurudumu. Alimwamini mdogo wake, basi.

Kesho yake, mzunguko wa nne, kwenye kona ya kushoto, kalipa ilichomoka na gari likaenda ukutani, kaka yake akafia ndani. Wasimamizi wa uwanja walipouliza nani alikaza mbele kushoto, Milimita alimeza mate, akasema, "Kaka. Mimi siku hiyo sikushika spana." Na shemeji yake, mjane, alipomwuliza huku analia mbona kwenye picha mistari inaonekana, akamjibu, "Alitia rangi kabla ya kukaza, shemeji. Si unajua haraka zake."

Kosa lake mwenyewe, lote kama lilivyo, akamvika maiti.

Mjane aliamini. Kwa miaka sita alimkasirikia mume wake aliye kaburini, mtu asiyeweza kujitetea. Watu walipompa pole aliwaambia asipewe pole, mumewe alijiua kwa uzembe. Picha aliificha kabatini, uso umeelekea mbao. Kila hasira ya nyumba ile, kila shida, ilikuwa "haraka za baba yako." Rubani alikua anayasikia hayo. Baba yake ndiye aliyempa jina hilo, tangu alipokuwa anakaa kwenye mapaja yake na kushika usukani. Alipotimiza miaka ishirini na minne alikuja gerejini, akalivua turubai gari la kijani lililokuwa limelala kule nyuma, akasema, "Baba mdogo, nataka tulimalize. Nataka niende nalo uwanjani, mara moja tu, nilirudishe zima. Mama anaweza akapumzika."

Angekataa, aseme nini? Akakubali. Walinyoosha bodi, wakabadili injini, wakaweka vyuma vya kumkinga dereva, miezi minane ya kazi. Siku ya uwanja ilikuwa Jumamosi, na boliti ile ya kwanza ilijichora Jumatatu.

Jumanne ilianza na harufu. Milimita alifungua geti la chuma asubuhi, jua limeshachomoza, na gereji ikamjia puani: breki zilizoungua, ule mnuko mkali wa pedi iliyobanwa mpaka ikatoa moshi. Gari lilikuwa juu ya stendi, halijawashwa tangu lilipotengenezwa. Akaweka kiganja kwenye diski ya mbele kushoto. Ilikuwa ya moto.

Saa nane mchana, amekaa nje anakula, akasikia ndani: tak.

Akaacha kutafuna. Rubani alikuwa ameenda kununua mafuta ya breki. Hakuna mwingine. Ikaja tena, polepole, kama ya mtu asiye na haraka: tak. Kisha kimya kirefu. Kisha tak. Milimita alijikaza kisabuni, akaingia. Spana ya kipimo ilikuwa ukutani, imening'inia kwenye msumari wake, inabembea.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mke wake alimpokea mlangoni, mikono kiunoni. "Mume wangu, rangi zako ziishie huko huko gerejini. Ona bawaba za mlango. Ona kopo la sukari. Hata kitasa cha choo! Unaniwekea alama mimi nyumbani kwangu?"

"Sijaweka kitu."

"Basi kaweka nani, paka?"

Akaenda kutazama. Kila bawaba ilikuwa na mstari unaovuka hadi kwenye fremu, na mistari yote ilikuwa mizima. Akaishika ile ya juu, na skrubu zake nne zikamwangukia kiganjani kama meno ya mtoto. Mlango ulikuwa umesimama tu, haujashikwa na kitu.

Asubuhi ya Jumatano mke wake aliamka akajikuna shingo, akaenda kwenye kioo, na Milimita akiwa bado kitandani akaona kwenye mto alioutoka kuna nusu ya mstari wa manjano, inchi moja hivi. Nusu nyingine ilikuwa chini ya sikio la mke wake. Mtu alikuwa amemchora akiwa amelala, kutoka shingoni hadi kwenye mto, na alipoinuka mstari ukakatika.

"Hii nini hii?" mke aliuliza mbele ya kioo, sauti imeshuka. "Nini hii, eh?"

"Kitu kidogo tu," alisema Milimita. "Oga." Naye akakimbilia gerejini kama mtu anayefukuzwa, wakati alikuwa anakimbilia kule kule kwenye shida.

Rubani hakuwa amefika. Geti alikuwa amelifunga jana kwa kufuli mbili, na kufuli zote mbili zilikuwepo, lakini alipozifungua na kulisukuma geti juu akaona mwanga wa jua ukienda sakafuni mpaka kwenye gurudumu la mbele kushoto, na hapo kwenye gurudumu akaona mtu amechuchumaa, amempa mgongo, amevaa ovaroli ya bluu iliyochanika bega, ile ile aliyozikwa bila kuvalishwa kwa sababu hospitali ilimkabidhi Milimita ndani ya mfuko na Milimita akaichoma moto kwa mikono yake mwenyewe, na yule mtu alikuwa anakaza boliti, tak, anatulia, tak, anatulia, wala spana haizunguki, inalia tu, na harufu ya breki ilikuwa nzito mpaka machozi yakamtoka, na miguu ikakataa kwenda mbele na ikakataa kurudi nyuma, na mdomo wake, sijui kwa nini, ukajifungulia wenyewe ukaita.

"Kaka?"

Yule mtu akageuka. Uso ulikuwa wa kaka yake. Katikati umepita mstari wa manjano kutoka kwenye paji la uso, juu ya pua, juu ya midomo, hadi kidevuni, na mstari ulikuwa umekatika, maana nusu ya juu ya uso ilikuwa imezunguka kidogo juu ya nusu ya chini, hivyo pua haikukaa juu ya mdomo, na macho yalimtazama Milimita wakati mdomo ulikuwa umeelekea ukutani. Mdomo ule ukafunguka. Sauti iliyotoka haikuwa ya kaka yake. Ilikuwa ya Milimita mwenyewe, ile ile ya miaka sita iliyopita, yenye mate yaliyomezwa.

"Mimi siku hiyo sikushika spana."

Alipopata fahamu alikuwa amekaa sakafuni, Rubani anampepea kwa kipande cha boksi.

"Sukari yako imeshuka, baba mdogo. Umekula?"

"Nimekula," alisema, na akatapika.

Mke wake ndiye aliyempeleka kwa Mama Cherehani, Alhamisi mchana. Mama Cherehani alikuwa fundi wa nguo, chumba kimoja juu ya ghorofa ya tatu, mashine mbili, marobota ya vitambaa hadi darini. Watu walimjua kwa sketi zake za shule, na waliobanwa walimjua kwa jambo jingine. Walipoingia alikuwa na pini midomoni, anapima kola. Hakuinua kichwa.

"Umekuja naye," alimwambia Milimita katikati ya pini. "Mwambie abaki hapo mlangoni. Humu kuna nguo za watu."

Mke wa Milimita akashika mkono wa mumewe. Mama Cherehani akazitoa pini moja moja, akamzunguka Milimita, akavuta ukosi wa shati lake. Nyuma ya shingo, kutoka kwenye ngozi hadi kwenye shati, kulikuwa na mstari.

"Mama, wewe tusubiri chini," akamwambia mke. Mlango ulipofungwa akakaa kwenye kiti chake cha kushonea. "Haya. Sema."

Milimita akasema. Yote, na ndio mara ya kwanza yalimtoka mdomoni. Mama Cherehani alisikiliza huku anafungua mshono wa suruali kwa wembe.

"Basi kaka ananidai," alimalizia Milimita. "Ameamka."

"Kaka yako amelala alikolala, mwache apumzike, umeshamchosha. Huyo ni jini, na wala si jini wa maana. Wa namna hiyo hawana kwao. Wakikuta uongo umefungiwa mahali wanajipenyeza, kama mende kwenye ufa. Hakai juu ya mtu huyo. Anakaa juu ya siri. Siri ikihama, anahama nayo."

"Nifukize nini?"

"Ufukize, kwani ni mbu?" Akaweka wembe chini. "Nenda kwa huyo mjane. Mtazame usoni, mwambie kama ulivyoniambia mimi. Mimi nimesikia tu, hayanihusu. Yeye ndiye uliyemdanganya. Jini atatoka kabla hujamaliza kusema."

"Shemeji atanichukia mpaka kufa."

"Ndiyo, atakuchukia. Ulitaka na yeye akupe soda?"

Milimita akatazama sakafu, imejaa vipande vya nyuzi. "Na nikishindwa?"

"Ukishindwa mtakaa naye. Ila nikwambie kitu, fundi. Huyo anajua kazi moja tu, ile aliyokuona ukiifanya: kutia mstari juu ya kitu kilicholegea. Na nimesikia kuna mtoto anataka kulikimbiza hilo gari."

Ijumaa nzima Milimita alikaza. Alipitia gari lote, boliti kwa boliti, alipomaliza akaanza upya, na upya tena. Rubani alimtania kwamba sasa atazikata vichwa. Kalipa ya mbele kushoto aliikaza mara saba, na kila mara spana ilisema tak, akachora mistari yake kwa mkono wake mwenyewe. Saa kumi jioni alikuwa amechoka hoi, na akajipa moyo kwamba labda basi. Kwa shemeji hakwenda. Alisema atamwambia kesho uwanjani, ana kwa ana, kabla gari halijaingia.

Na kesho ikafika. Uwanja ulikuwa umechangamka, magari ya kila rangi yamejipanga, injini zinanguruma, watu na vikombe vyao vya chai. Shemeji alikuwa amefika tangu saa mbili. Alikuwa amevaa vizuri. Alipomwona Milimita alimwendea kwa mikono miwili, na mkono mmoja ulishika bahasha.

"Shemeji, njoo uone. Nimeitoa kabatini." Ilikuwa ile picha. Ndugu wawili wanacheka, na kati yao kalipa yenye mistari miwili ya manjano inayong'aa. "Nataka Rubani aibandike ndani ya gari. Nimechoka kumnunia, shemeji. Alikuwa na haraka zake, lakini alikuwa mume wangu. Nimesema leo nimsamehe."

Hapo ndipo pa kusema. Uso ulikuwa mbele yake, macho yanamtazama, hata kelele za injini zilitulia kidogo kama vile nazo zinasubiri. Milimita akafungua mdomo.

"Picha nzuri, shemeji," alisema.

Akamwacha na bahasha yake, akaenda mbiombio mpaka kwenye gari la kijani. Rubani alikuwa ameshavaa helmeti, ameshafunga mikanda. Msimamizi alikuwa anapungia magari kibendera, yalikuwa yamebaki mawili mbele yake. Na harufu ikaja. Breki zilizoungua, kwenye gari ambalo halijatembea hata mita kumi.

"Zima," alisema Milimita. "Zima gari, mwanangu, nakuomba."

"Baba mdogo, zamu yangu hii!"

"Haikuwa baba yako. Ni mimi." Alishika dirisha kwa mikono yote miwili. "Mimi ndiye niliyetia rangi kabla ya kukaza. Nilitaka ionekane kwenye picha. Yeye aliona mstari wangu akaamini. Nilidanganya wasimamizi, nikamdanganya mama yako. Zima gari."

Rubani alizima. Alikaa ameshika usukani, helmeti kichwani, huwezi kuona anafanya nini mle ndani. Kisha akafungua mikanda, akashuka, akalisukuma gari pembeni kwa bega lake bila kuomba msaada. Akaleta jeki. Akatoa gurudumu la mbele kushoto.

Mistari ilikuwa mizima, yote miwili, vile vile alivyoichora Milimita. Rubani akaishika boliti ya juu kwa vidole viwili. Ikazunguka. Ilizunguka laini, kama kifuniko cha chupa, na mstari ukazunguka nayo bila kukatika, ukavutika kwenye chuma kama vile umetiwa dakika hiyo. Ya chini nayo vivyo hivyo.

"Nilizikaza jana mara saba," alinong'ona Milimita.

"Sitaki kusikia umefanya nini." Alivua helmeti. Macho yalikuwa makavu, na hilo lilimwumiza Milimita kuliko kilio. Rubani akafuta manjano yote ya gari lile kwa petroli, kila mahali, akachukua spana akakaza mwenyewe kila boliti kuanzia mbele hadi nyuma. Ilimchukua zaidi ya saa nzima. Hakutia rangi yoyote. Alipomaliza alisimama karibu sana na Milimita, akaongea taratibu ili mama yake kule kwenye kivuli asisikie.

"Mama asijue."

"Lakini nimeambiwa nimwambie yeye..."

"Nani kakwambia? Miaka sita, baba mdogo! Miaka sita amemtukana mtu asiye na kosa. Amemtukana kaburini, amemtukana mezani, amenifundisha na mimi kumtukana. Leo ndio kwanza amemsamehe. Ukimwambia hakukuwa na cha kusamehe, maneno yote yale aliyoyasema atayarudisha wapi? Utamwua. Hili ulilonipa nitakaa nalo mimi. Mama asijue."

Milimita alizikumbuka pini midomoni mwa Mama Cherehani. Alikumbuka kila neno, siri ikihama anahama nayo. Alikumbuka, na wakati ule ule akasikia kifua chake kikifunguka, pumzi ya kwanza nzuri tangu Jumatatu. Harufu ya breki ilikuwa imekatika. Alikuwa mwepesi, na uwepesi ule ulikuwa mtamu, asikudanganye mtu.

"Kama unavyotaka, mwanangu," alisema.

"Usiniite mwanangu."

Rubani aliingia uwanjani. Alizunguka mara kumi na mbili, na kwenye ile kona ya kushoto alibana breki kila mara mahali pale pale, gari likatii. Alilirudisha zima. Shemeji alishangilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akamkumbatia Milimita mbele ya watu wote.

"Asante, shemeji," alimwambia sikioni, analia. "Umemrekebishia baba yake kazi aliyoiharibu."

"Si kitu, shemeji," alisema Milimita.

Baada ya hapo gereji ilitulia. Hakukuwa na tak, hakukuwa na harufu. Bawaba zilikaa, mke wake aliacha kulala na taa, Milimita akaanza kunenepa kidogo. Rubani hakukanyaga tena pale. Alilihamisha gari la kijani akaenda kulitunza nyumbani kwa mama yake. Milimita alijisemea, kijana ana hasira, itamwisha. Alipopita karibu na mtaa ule wa kina Mama Cherehani, alizunguka njia nyingine.

Wiki ya saba, Jumanne, saa nne asubuhi, amelala chini ya gari la mteja, simu ikalia. Jina la Rubani. Alijifuta mikono, akafurahi kweli, akapokea.

"Baba mdogo." Alikuwa ananong'ona. "Naomba nikuulize kitu, usinicheke. Ile kalamu yako ya rangi, haikubaki kwenye gari?"

Milimita akajivuta, akatoka chini ya gari.

"Kuna mistari huku ndani. Kwenye madirisha, kwenye miguu ya kitanda. Jana nimeikuta kwenye nati ya mtungi wa gesi, mstari mzima, safi, nikaishika kwa vidole ikafunguka. Nimemkataza mama asiwashe jiko, ananiona mwendawazimu. Na leo..." Ukasikika mlango ukifungwa taratibu. "Leo mama ameamka ana mstari shingoni, hadi kwenye mto. Umekatika. Baba mdogo, huko kwako yalikuwepo? Kabla ya ile Jumamosi, uliyaona haya? Kama uliyaona niambie uliondokana nayo vipi. Niambie tu. Sitakuuliza kingine."

Alikuwa na jibu. Lilikuwa fupi, na njia ya kwenda kwa shemeji ilikuwa dakika ishirini kwa gari. Milimita alitazama kuzunguka gereji, jua limeingia vizuri mpaka ukutani, vifaa vimetulia kwenye misumari yake. Alivuta pumzi. Hewa ilikuwa safi. Akameza mate.

"Hapana," alisema. "Huku mimi sikuona kitu. Labda ni mama yako anafungua vitu halafu anasahau. Si unajua umri."

Kwenye simu, mbali kidogo na mdomo wa Rubani, ndani ya nyumba ile, ikasikika tak.

"Umesikia?" aliuliza Rubani. "Baba mdogo, umesikia?"

Milimita akasema simu inakatika, hasikii vizuri. Akaizima, akairudisha mfukoni, akaingia tena chini ya gari la mteja kumalizia kazi.